Uzi: Kwa nini kofia ya jino ya kauri humdumu mmoja miaka ishirini na mwingine minne

Fundi_wa_Kauri

Wiki iliyopita nililetewa kofia ya jino, ile inayovalishwa juu ya jino lililochongwa, iliyopasuka vipande viwili, imefungwa kwa tishu na kutiwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki, pamoja na karatasi ya kliniki yenye maneno machache: "Imevunjika, tengeneza nyingine." Ilikuwa ya gego la chini, ya lithiamu disiliketi (aina ya kauri yenye glasi), na ilikuwa imekaa kinywani miaka minne. Nimefanya kazi ya maabara ya meno hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado watu wengi, wakiwamo wanaonipa kazi, huniuliza kauri itadumu miaka mingapi, kana kwamba jibu limechapishwa kwenye boksi lake. Nimefungua uzi huu nieleze nilichokiona nilipoviweka vipande vile chini ya kioo cha kukuzia, kwa sababu nina hakika kofia ile ilianza kuvunjika siku ilipovalishwa, na miaka minne iliyofuata ilikuwa safari ya ufa tu.

Kauri iliyovunjika husomeka. Ukiiangazia kwa mwanga wa pembeni utaona michirizi midogo iliyotawanyika kama makuti ya mnazi, na ukiifuata kinyumenyume, kutoka inakosambaa hadi inakokutana, utafika mahali ufa ulipozaliwa. Kwenye kofia hii michirizi haikunipeleka juu panapotafunia. Ilinipeleka ndani, upande unaolalia jino, hadi kwenye mikwaruzo mitatu iliyokaa sambamba, alama ya ncha ya almasi. Mtu aliona kofia haiketi vizuri, akaikwangua ndani kidogo kwa drili, ikaketi, akaibandika na mgonjwa akaenda zake nyumbani.

Kauri huvumilia sana kubanwa lakini haivumilii kuvutwa. Unapouma, kofia hunepa kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kwa sababu dentini, yaani mwili wa jino ulio chini yake, ni laini mara kadhaa kuliko yenyewe. Upande wa juu hubanwa na upande wa ndani huvutwa. Chuma kikivutwa hujinyoosha kidogo na kuusambaza mzigo, lakini kauri haina hiari hiyo, kwa hiyo nguvu yote hurundikana kwenye ncha ya mkwaruzo wowote utakaopatikana. Mhandisi Mwingereza Griffith alilieleza jambo hili mwaka 1921 alipochunguza kwa nini glasi huvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao hesabu ya viungo vyake vya kikemia ingeuruhusu, na fundi wa vioo anayekata kioo cha dirisha hulitumia kila siku bila kumtaja: hukwaruza mstari mmoja mwembamba, kisha hukivunja kwa mikono miwili pasipo jasho.

Kuna na maji. Kinywa hakikauki, na molekuli za maji huingia kwenye ncha ya ufa na kuvikata viungo vya silikoni na oksijeni vinavyoishika glasi pamoja. Kwa hiyo ufa huendelea kukua polepole hata kwa mzigo ulio chini kabisa ya ule unaoweza kuivunja kofia mara moja. Watafiti wanaojaribu kofia kwa mashine za kutafuna huchukulia kwamba mara 1,200,000 za kuuma ndani ya maji ni sawa na takriban miaka mitano ya kinywa. Ndiyo maana mgonjwa hukuapia kwamba alikuwa akila mkate laini ilipovunjika, nawe humwamini, kwa sababu mkate ulikuta kazi imekwisha.

Mama_Wawili

Fundi, asante kwa maelezo. Mimi si mtu wa taaluma hii, ila nina swali la mfukoni. Mama yangu aliwekewa kofia mbili za magego mwaka jana, moja ya zirkonia, aina nyingine ya kauri, na moja ya hiyo lithiamu, na tuliambiwa ile ya zirkonia ni "chuma cheupe" na haiwezi kuvunjika. Je, kama ni kweli, kwa nini kila mtu asiwekewe hiyo? Nauliza pia kwa kuwa mama husaga meno usiku hadi mjukuu anayelala chumba kimoja naye huamka.

Fundi_wa_Kauri

Dada, umeuliza swali ambalo wauzaji wa malighafi hulijibu kwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ni kweli lakini haitoshi. Kauri ya zamani ya feldispa, ambayo Charles Land wa Detroit aliitumia kutengeneza kofia za kwanza za kauri tupu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hustahimili kupindwa kwa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) kati ya 60 na 100 hivi. Lithiamu disiliketi hufika karibu 400. Zirkonia ya kawaida, yenye itria (oksidi ya itriamu inayochanganywa humo) ya moli asilimia 3, huvuka 900 na wakati mwingine 1,000. Ukitazama hapo tu utasema mjadala umekwisha.

Nguvu ya zirkonia hiyo hutokana na hila iliyomo ndani ya fuwele zake. Itria huzishikilia katika umbo ambalo kwa kawaida lingepatikana kwenye joto kali tu, na ufa unapofika karibu, fuwele zilizo kwenye ncha yake hugeuka umbo na kuvimba kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usisonge. Watafiti watatu wa Australia waliitangaza habari hiyo mwaka 1975 wakauliza kama hiki ni chuma cha pua cha kauri, na ndiko msemo wa "chuma" ulikoanzia. Hila hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Unyevu na joto la wastani, kwa miaka, vinaweza kuzigeuza fuwele za juu bila ufa wowote kuwapo, na uso ukaanza kuchubuka na kupata nyufa ndogondogo. Mwaka 2001 vichwa vya zirkonia vilivyopandikizwa kwenye nyonga vilivunjika kwa wingi ndani ya miili ya watu, na chanzo kikaonekana kuwa mabadiliko ya jinsi vilivyochomwa tanuruni. Kofia ya jino haibebi mzigo wa nyonga, lakini tangu hapo sijacheza na ratiba ya tanuru kwa kuharakisha kazi ya Ijumaa.

Jambo la pili ni kwamba si kila zirkonia ni ile. Zirkonia hiyo ya kwanza ni nyeupe kama chokaa na haipitishi mwanga, kwa hiyo watengenezaji wameongeza itria hadi moli asilimia 5 ili ipendeze kwenye meno ya mbele. Urembo umepatikana, na sehemu kubwa ya ile hila ya kuvimba imepotea, nguvu ikashuka hadi karibu 500 au 700. Bado ni nguvu nzuri. Ila mtu akikuambia "hii ni zirkonia" na asiseme ni ya aina gani, hajakuambia mengi. Kwa magego ya mtu anayesaga meno mimi ningependelea ile ya kwanza, ya kipande kimoja isiyopakwa kauri nyingine juu, hata kama mama atalalamika kwamba rangi imekuwa nyeupe kidogo.

Kisha unene. Uwezo wa kofia kubeba mzigo hupungua kwa mraba wa unene wake, yaani ukipunguza unene kwa nusu hubaki na robo ya uwezo na si nusu. Lithiamu disiliketi ya gego huhitaji milimita 1.5 hivi juu panapotafunia, au pungufu kidogo ikiwa imegandishwa vizuri kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Kile kipande kilichonifanya nifungue uzi huu nilikipima kwa kalipa mahali kilipokwanguliwa nikapata milimita 0.9. Sihitaji kuwaeleza hesabu.

Daktari_Mstaafu

Nimekusoma kwa makini, Fundi, na mengi nayakubali, lakini naona kama kawaida ya watu wa maabara kila ufa unaishia mkononi mwa daktari. Nimevalisha kofia kwa miaka thelathini na kitu, na ninaweza kukuhakikishia kwamba nyingi zilizonirudia hazikuvunjika hata kidogo. Kofia ilikuwa nzima, ikitoka na jino lililooza ndani yake. Mate na mabaki ya chakula yalipenya ukingoni, jino likaliwa kimyakimya, mgonjwa asihisi lolote kwa sababu mzizi ulikwisha kutibiwa na hauna uhai. Anayetaka kujua kauri itadumu miaka mingapi aanze kuuliza kama ukingo umefunga, kama fizi zinasafishwa na kama jino lililobaki chini lina ukuta wa kutosha wa kushika kofia. Ukimvalisha mtu zirkonia ya megapaskali 1,000 juu ya kisiki cha milimita moja, itadumu kabatini kuliko kinywani.

La pili ni gundi, na hapa ndipo naona uzi haujagusa penyewe. Kauri yenye glasi, kama lithiamu disiliketi, huchongwa upande wa ndani kwa asidi ya hidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20 hivi, ikapata vishimo vidogo, kisha hupakwa sileni, kimiminika cha kuunganisha glasi na gundi, na resini, yaani gundi yenyewe, ikishika hapo kofia na jino huwa kitu kimoja. Nyufa ndogo za upande wa ndani hujazwa na resini hiyo, na mzigo hupokewa na jino zima. Kauri hafifu iliyogandishwa hivyo kwenye enameli hudumu kuliko kauri imara iliyokalishwa juu ya saruji ya kawaida na kuombewa. Zirkonia haina glasi, kwa hiyo asidi hiyo haiifanyi lolote. Yenyewe hupulizwa unga wa alumina wa maikroni 50 kwa shinikizo dogo, kisha hupakwa kiambatishi chenye fosfeti. Na hapa ndipo wengi hukosea. Kofia ikijaribiwa kinywani, fosfeti iliyomo kwenye mate huwahi kukaa mahali pa kiambatishi, na kuisuuza kwa maji hakuiondoi. Lazima isafishwe kwa dawa yake au ipulizwe tena. Daktari asiyelijua hilo hulaumu gundi, na aliyemuuzia gundi hulaumu hali ya hewa.

Niongeze jambo la kwetu. Wagonjwa wengi wanaotaka maganda ya kauri, vile vipande vyembamba vya kubandikwa usoni mwa jino, kwenye meno ya mbele hapa Nairobi ni watu waliokulia Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko Bondeni, yaani Bonde la Ufa, au kwenye mitaa inayotumia maji ya visima virefu, ambako floridi huzidi ile miligramu 1.5 kwa lita iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yao yana madoa ya kahawia, ndiyo maana wamekuja. Enameli yao ya juu hustahimili asidi kuliko ya kawaida, na ile iliyo chini yake ina vinyweleo. Ukiipaka asidi ya fosforiki kwa muda ule ule wa kitabuni, gundi hushika nusu nusu, na ganda zuri sana la maabara hudondoka mtu akiuma andazi. Huna budi kuongeza muda, au kulikwangua tabaka la juu kidogo, lakini usifike kwenye dentini, kwa kuwa gundi ya dentini huchoka mapema.

Fundi_wa_Kauri

Daktari, shikamoo, na nimeupokea ukweli huo. Kuhusu floridi sikuwa nimeliweka kwenye mizani, ingawa nimetengeneza maganda ya watu wa Bondeni kwa mamia.

Na ili isionekane nawatwika wengine, nitatoa langu. Miaka ilipokuwa zirkonia ya kupakwa kauri juu ndiyo fasheni, nilirudishiwa daraja la meno matatu ambalo kauri ya juu ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta, zirkonia iliyo chini ikiwa safi. Nilimlaumu mgonjwa. Nilipotulia nikakumbuka kwamba nililitoa tanuruni likiwa bado na joto jingi, kwa sababu tarishi alikuwa amesimama mlangoni na pikipiki inanguruma. Zirkonia hupitisha joto polepole sana. Ukiipoza haraka, uso hukaza huku ndani kukiwa bado kumoto, na mvutano hubaki umefungwa ndani ya ile kauri ya juu ukingoja mtu atafune. Siku hizi watengenezaji hutaka ipozwe taratibu, na kauri ya juu huchaguliwa iwe inasinyaa kidogo tu pungufu ya zirkonia, ili ibaki imebanwa na si imevutwa. Tarishi siku hizi hungoja.

Jambo jingine la hapa kwetu ni stima. Zirkonia hukatwa ikiwa laini kama chaki, kubwa kuliko jino kwa takriban robo, kisha huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi kwa saa nyingi hadi isinyae kufikia kipimo. Stima ikipotea katikati ya safari hiyo, watu hurudia uchomaji na kofia hutoka tanuruni ikionekana nzuri tu. Mimi huitupa. Simlazimishi mtu mwingine aitupe yake, lakini betri ya kulinda tanuru nilinunua kabla sijanunua gari.

Mwanafunzi_wa_Maabara

Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu kile kipande cha awali. Je, kama kofia ya lithiamu haiketi, ilipaswa kurekebishwa vipi? Sisi tunafundishwa kuirekebisha ikiwa bado na rangi ya zambarau. Na pia, ni kweli kwamba zirkonia kwa ugumu wake hula meno ya upande wa pili?

Fundi_wa_Kauri

Mnafundishwa sawasawa. Bloku ya lithiamu ya kukatwa kwa mashine huja ikiwa ya zambarau kwa sababu haijakamilisha fuwele zake, na katika hali hiyo nguvu yake ni karibu theluthi ya ile ya mwisho, kwa hiyo hukatika kwa upole. Jaribu, punguza, laini, kisha uichome kwenye nyuzi 840 hivi ndipo igeuke rangi ya jino. Kinachoguswa baada ya hapo kiguswe kwa ncha laini, kwa maji mengi, kwa mkono mwepesi. Upande wa ndani usiguswe kabisa pasipo sababu. Tafuta kwanza kama kinachozuia ni jino la jirani, kwani mara nyingi ndilo.

Swali la pili namwachia Daktari.

Daktari_Mstaafu

Ugumu si ndio unaokula jino la pili, mwanangu. Ukwaru ndio unaolikula. Zirkonia iliyong'arishwa hadi ing'ae kama kioo hulila jino la upande wa pili kidogo kuliko kauri nyingi za zamani. Iliyopakwa gleizi tu, yaani utando mwembamba wa glasi, hupendeza siku ya kwanza, kisha gleizi huchakaa na kuacha uso wenye ukwaru, na hapo huwa msasa. Daktari akigusa kofia kwa drili baada ya kuibandika, ili kurekebisha jinsi meno yanavyokutana, na asiing'arishe tena kwa mpira wa almasi hatua kwa hatua, ameacha mambo mawili kwa pamoja: msasa wa kulila jino la pili na chanzo cha ufa kama kile cha Fundi, safari hii kwa juu. Utando wa bakteria nao hupenda uso uliozidi ukwaru wa maikroni 0.2. Dakika kumi za kung'arisha ndizo zinazokatwa kwanza pale wagonjwa wanapojaa ukumbini.

Mama_Wawili

Nimesoma yote mara mbili. Sasa nisaidieni kwa mama: afanye nini, na asile nini? Anapenda mahindi ya kuchoma na mifupa ya kuku, na pia daktari mwingine alimpaka dawa ya floridi ya jeli.

Daktari_Mstaafu

Kuhusu chakula sitakuwa mkali, Mama Wawili. Mahindi ya kuchoma ale, mifupa aache, na asifungue chupa ya soda kwa meno. Kusaga meno ndiko kwenye hatari, kwa sababu mtu mzima akiuma kwa makusudi kwenye magego hutoa nyutoni mia kadhaa na huacha akihisi maumivu, ilhali aliyelala hajizuii na huendelea kwa muda mrefu. Atengenezewe kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku, iliyopimwa kwenye meno yake mwenyewe. Ile laini ya dukani wengine huitafuna kama ubani.

Jeli ya floridi ina aina mbili. Ile yenye asidi hula glasi iliyomo kwenye kauri na kuiacha bila mng'ao, kwa hiyo kwenye ile kofia ya lithiamu aombe isiyo na asidi. Dawa ya meno ya kila siku haina shida yoyote.

Mama_Wawili

Narudi na habari. Jana nilimpeleka mama kliniki ile ile na nikaomba kwa adabu kofia zitazamwe uso wake. Daktari, kijana mpole, alizikausha kwa hewa, akamgeuza kichwa kuelekea taa, naye mwenyewe akaliona kabla sijasema neno: kwenye kofia ya lithiamu palikuwa na doa lisilong'aa, dogo kama punje ya mtama, na kwenye mifereji yake bado palikuwa na wino wa bluu wa ile karatasi ya kuuma inayoonyesha mahali meno yanapogusana. Hakubishana. Alibadilisha mipira mitatu, wa kijani, wa kijivu, kisha mweupe, na mama akalalamika kwamba unanuka kama tairi lililoungua. Alipomaliza doa halikuonekana tena, na wino ulikuwa umetoka. Ile ya zirkonia aliisugua vile vile bila kuombwa. Kipimo cha kinga ya usiku kimechukuliwa, kitakuwa tayari Alhamisi.